Skii: Usichague kwa rangi

Mwaka wa 2018, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Je, mwanao anayesoma Ulaya au Kanada akitaka jozi moja ya kutumia kote mlimani, achague ipi?

Kwanza, apime upana wa katikati. Skii isiyofika milimita 85 hugeuka upesi kwenye theluji iliyoshindiliwa. Inayozidi 105 huelea juu ya theluji laini yenye kina, lakini ni nzito kugeuza. Ya 88 hadi 100 hufaa kotekote.

Pili, ugumu. Skii ngumu hutulia kwenye kasi, ila humchosha anayejifunza, hata kumwangusha. Yeye atafute inayopindika kwa urahisi.

Muhimu zaidi, akodishe kabla ya kununua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.