Homoni, Vipokezi na Hatari ya Mkorogo

Mara nyingi tunaulizwa: "Krimu ya kupaka tu, itawezaje kumdhuru mtu mwili mzima?" Ili kujibu swali hili, hatuna budi kuelewa kwanza jinsi homoni zinavyofanya kazi.

Homoni hutengenezwa na tezi na kusambazwa na damu. Ingawa damu hufika kila mahali, si kila seli huitikia. Huitikia ile tu yenye kipokezi cha homoni hiyo, kama kufuli na ufunguo wake. Homoni ikishika kipokezi, seli hupata amri. Kisha homoni huachia, na nyingine hushika. Ile yenye kushika kwa nguvu huhitajika kidogo tu. Yenye kushika kwa ulegevu huhitajika nyingi.

Tuchukue mfano wa kotisoli, homoni itokayo katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Hutusaidia kustahimili njaa, maradhi na mshtuko. Ubongo ndio unaopima kiasi chake: ikizidi, hupunguza amri kwa tezi, ikipungua, huongeza.

Wataalamu wametengeneza dawa zinazoshika kipokezi hichohicho kwa nguvu zaidi na kukaa mwilini muda mrefu. Ndiyo maana miligramu 0.75 za deksamethasoni hufanya kazi sawa na miligramu 20 za kotisoli. Dawa hizi zimeokoa wagonjwa wengi wa pumu kali. Klobetasoli, ambayo hupakwa, ni miongoni mwa zilizo kali kabisa. Kwa kawaida haitumiwi zaidi ya wiki mbili mfululizo bila mganga kumwangalia mgonjwa tena.

Hiyohiyo huchanganywa katika mkorogo! Mtu akijipaka mwili mzima kila siku kwa miezi, dawa hupenya hadi kwenye damu. Ngozi huwa nyembamba na kupata michirizi, vidonda huchelewa kupona, uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda. Zaidi ya hayo, ubongo huona vipokezi vyake vimeshikwa, hudhani kotisoli ni tele, na huacha kutoa amri. Tezi husinyaa. Siku mtu huyo akiacha ghafla, au akipatwa na malaria kali au akifanyiwa upasuaji, mwili hauna akiba. Hutapika, shinikizo la damu hushuka, huzirai, na anaweza kufa.

Basi tunawashauri hivi: ambaye hajaanza, asianze. Aliyetumia kwa muda mrefu asiendelee kwa siri, wala asiache kwa siku moja kwa sababu ya hofu. Aende hospitali na kopo lake, amweleze mganga ukweli bila aibu. Atasaidiwa kuacha taratibu, na tezi zitaanza kuamka, ingawa huenda zikachukua miezi.