Mauzo ya mkopo si fedha mkononi: Kadiria makusanyo kabla ya kuagiza mzigo

MWENYE duka la chakula cha kuku anaweza kumaliza Novemba akiwa ameuza kuliko mwezi mwingine wowote, na bado akakosa fedha za kununulia gunia la mashudu. Wateja wamebeba mzigo, daftari limejaa majina, droo ni tupu. Wengi wakifika hapo humshuku kijana wa dukani. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Fedha ziko kwa wateja, ila hakuna aliyekaa chini kuhesabu zitarudi lini.

Kukopesha katika biashara hii hakukwepeki. Mfugaji wa kuku wa nyama hana fedha mpaka kuku wafikishe wiki nne hadi sita na kuuzwa, naye huenda akawauzia mama lishe na wenye hoteli kwa mali kauli. Duka linalokataa kabisa kukopesha litawaona wateja wakielekea kwa jirani. Kinachowezekana ni kuyakadiria makusanyo mwezi kwa mwezi, kabla fedha hazijaingia.

Kazi inaanzia kwenye daftari la madeni. Madaftari mengi huonyesha siku mteja alipochukua tu. Akilipa, jina linapigwa mstari na mambo yameishia hapo. Mstari huo haumfundishi mwenye duka kitu. Pembeni ya kila deni iandikwe tarehe ya kulipwa na kiasi, hata kama ni nusu. Malipo ya simu yaingizwe siku hiyo hiyo, maana hayo ndiyo husahaulika na kuzua ugomvi baadaye. Baada ya miezi mitatu au minne, tabia ya wateja itaonekana kwa tarakimu.

Chukulia duka lililopo Kibaha, ambalo wateja wake hufuga kwa ajili ya soko la Dar es Salaam. Daftari linaonyesha kwamba katika kila Sh100 iliyokopeshwa, Sh20 hulipwa mwezi huo huo, Sh50 mwezi unaofuata, Sh25 mwezi wa tatu, na Sh5 hazirudi. Mauzo ya mkopo yalikuwa Sh3,000,000 Septemba na Sh4,000,000 Oktoba. Novemba, wafugaji wakinenepesha kuku wa Krismasi, yanatarajiwa kufika Sh6,000,000.

Makusanyo ya Novemba basi yatakuwa hivi: Sh1,200,000 kutoka mauzo ya Novemba yenyewe, Sh2,000,000 kutoka Oktoba na Sh750,000 kutoka Septemba. Jumla ni Sh3,950,000. Ongeza mauzo ya taslimu Sh2,000,000 na akiba ya Sh300,000 iliyobaki, zinapatikana Sh6,250,000. Mahindi, pumba, mashudu na dagaa vya mwezi huo vinahitaji Sh5,800,000. Pango, umeme na mishahara Sh900,000. Matumizi yote ni Sh6,700,000. Duka limepungukiwa Sh450,000 katika mwezi uliouza vizuri kuliko yote.

Desemba hali inageuka. Mkopo ukishuka hadi Sh4,000,000, makusanyo yanapanda hadi Sh4,800,000, kwa sababu nusu ya mauzo makubwa ya Novemba ndiyo inaingia. Taslimu ikiwa Sh1,500,000 na matumizi Sh4,900,000, pengo la Novemba linazibwa na Sh950,000 zinabaki. Kumbe shida ilikuwa ya wiki chache tu. Anayeiona mapema Oktoba anaweza kumwomba muuza mahindi amsubiri hadi katikati ya Desemba. Anayeigundua Novemba 25 atakimbilia mkopo wa riba ya mtaani, na faida yote ya sikukuu itaishia huko.

Hesabu hii ina mitego. Mfugaji wa kuku wa mayai asichanganywe na wa kuku wa nyama. Kuku wake huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, hivyo aliyeingiza vifaranga Agosti hatarajiwi kuwa na fedha ya mayai kabla ya mwisho wa Desemba au Januari. Deni lake liwe na ukurasa wake. Vilevile anayelipa kwa trei za mayai hajaleta fedha mpaka mayai hayo yauzwe. Januari nayo ina ada na sare za shule, na ile Sh50 ya kawaida inaweza kushuka hadi Sh35. Kuna pia kideri, ambacho wengine hukiita mdondo: kikiingia kijijini, Sh5 zisizorudi zinaweza kuwa Sh30 ndani ya wiki moja. Kwa hiyo kukopesha wafugaji wa mtaa mmoja tu ni hatari hata kama wote ni waaminifu.

Mwisho wa mwezi, makadirio yalinganishwe na kilichoingia. Kama zilitarajiwa Sh3,950,000 na zimekuja Sh3,200,000, zile Sh750,000 zilizokosekana zina majina ndani ya daftari. Wakati mzuri wa kuyauliza ni pale mteja anapokuja kuchukua chakula cha vifaranga wapya huku kundi lililopita halijalipiwa. Siku hiyo anakihitaji chakula kuliko duka linavyomhitaji yeye, na hata nusu ya deni huweza kupatikana kabla gunia halijapandishwa kwenye baiskeli.