Raketi ya mbao haijafa, unyevu wa pwani ndio unaoiua

TAJA michezo Mtwara, mtu atakutajia Ndanda. Atakupa habari za Wana Kuchele, msimu wa 2014/15 walipoingia Ligi Kuu, na atakuonyesha njia ya Nangwanda Sijaona hata kama siku hiyo hakuna mechi. Tenisi haitajwi. Hata Dar es Salaam kwenyewe, ukitoa Gymkhana na viwanja vingine vichache, mchezo huo hauna kelele.

Ila raketi zake za zamani, zile za mbao, huibuka mahali usipotarajia: nyuma ya kabati la nyumba ya urithi, kwenye stoo ya shule kongwe, au ndani ya belo la mitumba lililofunguliwa watu wakitafuta mashuka. Anayeikuta hucheka kwanza. Kichwa kidogo kama sahani ya chai, nyuzi zimelegea, mpini umevaa ngozi iliyogeuka nyeusi. Mwenye huruma ataitundika ukutani iwe pambo. Asiye na huruma atawapa watoto wapigie mpira wa makaratasi hadi ivunjike, kisha iende jikoni.

Wote wawili wanakosea, na wa ukutani anakosea zaidi, kwa sababu anadhani ameitunza.

Duniani kuna watu wanaokusanya raketi hizi kama wengine wanavyokusanya stempu, na wengi wao hawaziweki kabatini. Wanacheza nazo. Ulaya na Marekani yapo mashindano ya raketi za mbao tupu, ukija na ya kaboni unabaki mtazamaji. Sheria za tenisi nazo hazijawahi kuifukuza mbao. Zinataka raketi isizidi urefu wa sentimita 73.7, na eneo la nyuzi lisizidi sentimita 39.4 kwa 29.2. Raketi ya babu yako inapita hapo bila jasho, kwa kuwa urefu wake ni kama sentimita 68 na nusu, sawa kabisa na nyingi za leo.

Tofauti iko kwingine. Ya mbao ina uzito wa gramu 370 hadi 400 hivi, wakati nyingi za sasa zinacheza kwenye 280 hadi 310. Kichwa chake kina eneo la nyuzi la kama sentimita za mraba 430. Cha leo kinavuka 600. Kwa lugha ya wapenda soka, ni kama kumtoa mchezaji kwenye mpira wa kisasa ukampa ule wa ngozi uliokuwa ukilowa mvua unageuka jiwe. Utajua haraka nani anajua mpira na nani alikuwa anasaidiwa na mpira.

MJI WA KARANGA

Kwa nini vitu vya namna hii viwe Mtwara? Mji wenyewe ni mtoto wa mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakaufuta 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, karanga zenyewe zikiwa za kuhesabu. Uliacha bandari ya kina kirefu inayotumika hadi leo, na reli ya kwenda Nachingwea iliyokufa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waingereza wa enzi hizo, popote walipokaa kwa wingi Tanganyika, kawaida walijenga klabu, na klabu haikukamilika bila uwanja wa tenisi. Walipoondoka walibeba fedha na picha za familia. Raketi iliyopinda nani anaibeba melini?

Kwa hiyo anayetafuta huku Kusini asitegemee hazina ya kutisha. Raketi za enzi Boma la Mikindani linajengwa, mwaka 1895, zilikuwa na mpini uliochanuka mwishoni kama mkia wa samaki. Ukiokota hiyo, acha kila kitu ukae chini. Zenye mpini mtupu wa mbao, bila ngozi, mara nyingi ni za kabla ya miaka ya 1930 au zimetoka hapo hapo. Zile zinazopatikana kwa urahisi ni za miaka ya 1950 hadi 1970: Dunlop Maxply, Slazenger, Wilson ya Jack Kramer, Donnay.

Hapa wengi hupigwa. Jina la bingwa lililoandikwa shingoni halimaanishi bingwa huyo aliigusa. Ni tangazo la biashara, na raketi za Jack Kramer ziliuzwa kwa wingi mno duniani kote. Muuzaji akianza kukupigia hesabu za dola kwa sababu ya sahihi iliyochapwa kiwandani, mwache aendelee kuhesabu peke yake.

CHUNGULIA KAMA SEREMALA

Cha kuangalia kwanza ni kama imenyooka. Funga jicho moja, chungulia kuanzia kitako cha mpini kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Kichwa kikiwa kimegeukia upande, kama chapati iliyotolewa kikaangoni vibaya, hiyo imepinda. Ikipinda kidogo inaweza kurudi. Ikipinda sana, hapo ndipo ukuta unapoihusu.

Kisha mabega, pale shingo inapogawanyika kuingia kichwani. Raketi ya mbao siyo kipande kimoja. Ni tabaka nyembamba za mbao zilizokunjwa na kugandishwa kwa gundi, na gundi ikichoka tabaka huachana. Pitisha ukucha, ukinasa, kuna ufa. Igonge kwa kidole: iliyo nzima hulia, iliyoachana hutoa sauti ya debe lililopasuka. Angalia na vitundu vya mdudu wa mbao. Ukiona unga unadondoka, usiingize kitu hicho ndani kwako, utahamishia balaa kwenye makochi.

Pwani hii haina huruma na mbao. Kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, na kushuka hadi mdomo wa Ruvuma, hewa ni ya chumvi mwaka mzima, na masika yanaposhika, Desemba hadi Aprili, hata mlango wa chumbani unagoma kufungwa. Raketi iliyoegemezwa ukutani inanyonya unyevu upande mmoja kuliko mwingine, inajikunja taratibu, na mwenye nayo hajui lolote mpaka siku anayoitoa. Iliyoachwa chini ya bati mchana kutwa inakauka mpaka gundi inaachia. Ndiyo maana pambo la ukutani haliponi.

Nyuzi ndizo za kwanza kufa. Zile za heshima zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama, na utumbo ukipata unyevu unavimba, unachanika nyuzinyuzi, unakatika. Kwa Mtwara, nyuzi za nailoni ndizo saizi yake. Zisivutwe sana, kilo 20 hadi 23 zinatosha. Björn Borg alikuwa akivuta zake hadi kama kilo 36 na zinakatika zenyewe usiku akiwa amelala, ila Borg alikuwa na raketi za kutupa. Wewe unayo moja. Na fundi aliyezoea fremu za kaboni aambiwe kabla hajaanza: akikaza nyuzi zote za urefu kwanza bila kukishikilia kichwa vizuri, mbao ya miaka 60 itajikunja mikononi mwake.

Swali linalokuja lenyewe kwenye mkoa wa Wamakonde: si wachonge mpya kwa mpingo? Haiwezekani, na sababu ni ya kimwili tu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ni mkavu, hautaki kukunjwa. Raketi zilitengenezwa kwa ash, mti wa nchi za baridi ambao ni mwepesi na unajipinda kisha unarudi. Kinachowezekana ni matengenezo. Mpini uliomegeka unajazwa kwa kipande cha mninga na gundi nzuri, na fundi mwenye mkono wa kinyago atakifanya kisionekane.

MTOTO WA BEKI

Anayedhani mbao ni ya watu wa zama za kale amkumbuke Yannick Noah. Baba yake, Zacharie, raia wa Cameroon, alikuwa beki wa Sedan na alitwaa Kombe la Ufaransa mwaka 1961. Soka tena, haikwepeki. Mtoto alikulia Yaoundé, na mwaka 1971, akiwa na miaka 11, alionwa uwanjani na Mmarekani mweusi Arthur Ashe aliyekuwa ziarani. Ashe alimpa raketi, kisha akawaambia wakubwa wa tenisi wa Ufaransa wamwangalie kijana huyo. Alipelekwa Nice kufundishwa.

Ashe hakuwa mgeni Afrika. Mwaka mmoja kabla, 1970, yeye na Stan Smith walizunguka bara hili kwa ziara ya kirafiki, na Tanzania ilikuwa kwenye ratiba pamoja na Kenya, Uganda na Zambia. Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa imemnyima viza. Wakati huo huo wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wakifanya mazoezi Nachingwea, kwenye ardhi ile ile ya karanga.

Mwaka 1983 Noah alishinda French Open kwa kumfunga Mats Wilander seti tatu kwa bila. Raketi mkononi ilikuwa ya mbao. Hakuna mwanamume mwingine aliyechukua taji kubwa la mmoja mmoja kwa mbao tangu siku hiyo. Wimbledon, wa mwisho alikuwa John McEnroe mwaka 1981, na kufikia 1987 mbao ilionekana pale kwa mara ya mwisho kabisa. Kilichoiondoa ni kichwa kikubwa kilicholetwa na Prince mwaka 1976, kisha kaboni: nyepesi, ngumu, haipindi na haijui masika ni nini.

Upande wa pili wa hadithi ni Borg mwenyewe. Alishinda Wimbledon mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980, akastaafu mapema, halafu mwaka 1991 akarudi Monte Carlo na raketi ya mbao akiwa na miaka 34. Mhispania Jordi Arrese alimtoa raundi ya kwanza kwa 6-2, 6-3. Dunia ilikuwa imebadilika na yeye alikuja na silaha ya jana. Basi aliye na raketi ya mbao asimtafute mwenye kaboni akidhani ujanja utamwokoa. Amtafute mwenzake mwenye mbao. Hapo mchezo unanoga.

Unanoga kwa sababu unakuwa polepole na wenye akili. Mpira haupigwi kwa hasira. Unaupokea mbele ya mwili, miguu ikiwa imeshafika, unausukuma wote na bega. Kuuzungusha kwa nguvu ili udondoke ghafla, kama wafanyavyo vijana kwenye televisheni, ni kazi ngumu. Kichwa ni kidogo, utaugonga na mbao. Kinachofanya kazi ni kuukata kwa chini, kuubwaga karibu na wavu, kumrushia mwenzako juu akiwa amesogea mbele. Ukiupata katikati ya nyuzi, mkono hausikii kitu. Ukiukosa kwa sentimita mbili, mtetemo unafika kwenye kiwiko. Mwalimu wa namna hiyo hahitaji kupaza sauti.

Je, mtoto aanzie hapo? Wapo wanaoona raketi hizi ni jibu la bei ya vifaa kwa watoto wa Kusini. Nusu ni kweli. Kijana wa miaka 15 anazimudu, na atajifunza kugusa mpira kuliko yule aliyeanza na kaboni. Mtoto wa miaka minane, hapana. Gramu 400 zitamuumiza kifundo cha mkono na atauchukia mchezo kabla haujamwonyesha kitu. Huyo atafutiwe ndogo ya alumini au hata achongewe kibao. Mwaka 2022 Mkenya Angella Okutoyi alichukua ubingwa wa Wimbledon kwa vijana, wasichana wawili wawili, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Watoto wa ukanda huu wanaweza. Ila wasianzishwe kwa kubebeshwa gogo.

Aliyepata raketi yake, ikanyooka na ikalia vizuri, amebakiwa na kazi moja ambayo haigharimu hata nauli ya kwenda Lindi. Ni presi. Fundi seremala yeyote anaitengeneza: fremu mbili za mbao, kila moja pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na boliti nne ndefu zenye nati za masikio kwenye kona. Kichwa cha raketi kinalala katikati ya fremu hizo kila mchezo unapoisha, baada ya kupanguswa jasho na chumvi kwa kitambaa kikavu. Halafu inalazwa juu ya kabati, mbali na ukuta na mbali na bati. Nati zinakazwa kwa vidole, kona moja baada ya nyingine kwa kupishana, na spana ibaki gereji.