Nani Alipie Jembe la Klabu?

Mtoto anaporudi nyumbani na habari kwamba klabu ya shule inahitaji mbegu, jembe au nauli ya kwenda kwenye maonyesho ya kilimo, sisi wazazi hutazama kwanza mfuko wetu. Mwenye nacho hutoa. Asiye nacho humwambia mtoto angoje mwaka ujao. Hivyo watoto wawili wa darasa moja, wenye vipawa sawa, huachana njia: mmoja anajifunza kazi, mwingine anatazama kwa mbali. Je, wazazi wenzetu, ni haki mfuko wa mama ndio uamue?

Klabu ni Sehemu ya Somo

Wengi wetu tunavikumbuka vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilianzishwa mwaka 1962 kwa mfano wa vilabu vya 4-H vya Marekani. Watoto walilima bustani na kufuga kuku na sungura. Miaka ilivyopita vilabu vingi vililala, mpaka serikali ilipovizindua upya mwezi wa Juni 2021.

Mtoto anayefuga kuku hujifunza jambo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kumfundisha: kuku asipopewa maji leo, kesho hakuna yai. Hujifunza kuandika mapato na matumizi, kuongoza mkutano, na kushindwa bila kukata tamaa. Hayo ndiyo maandalizi ya kazi. Na kama klabu ni sehemu ya somo, basi fedha zake zingefaa kutoka pale zinapotoka fedha za chaki.

Wenzetu wa Marekani

Huko ulikotoka mfano wa 4-K, jambo hili limeandikwa katika sheria. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 1984, iliyopewa jina la mbunge Carl Perkins wa Kentucky, hupeleka fedha za serikali kuu kwa majimbo, nayo majimbo huzigawia shule na vyuo. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, ilitaja waziwazi kwamba fedha hizo zinaweza kusaidia vyama vya wanafunzi vinavyohusu kazi, pamoja na maandalizi ya mashindano ya ujuzi. Vyama hivyo ni vya kilimo, biashara, uuguzi, ufundi na maarifa ya nyumbani.

Jambo lililotugusa zaidi sisi akina mama ni hili: sheria hiyo inaruhusu pia kusaidia wanafunzi wenye shida, wakiwemo maskini, walemavu na wazazi walio peke yao, kwa ada, nauli, hata malezi ya mtoto wakati mama yuko masomoni. Hata hivyo mkono haukufunguliwa ovyo. Majimbo mengi hayakubali fedha hizo zinunue vitu vya mtu binafsi, kama nguo. Fedha ni za mafunzo.

Tusidhani kwamba mambo yalikuwa mazuri tangu mwanzo. Chama chao cha wakulima vijana, kilichoanzishwa mwaka 1928, hakikuwapokea wasichana rasmi mpaka mwaka 1969. Fedha bila haki hazitoshi.

Hapa Nyumbani

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Baadaye kiwango kikawa shilingi 1,420. Katika kiasi hicho kuna vitabu, matengenezo, maji, na shughuli za nje ya darasa. Klabu ya kilimo inagawana fungu dogo na mpira na kwaya, na mara nyingi hubaki mikono mitupu.

Wako watakaosema vitabu kwanza. Ni kweli, vitabu ni muhimu. Lakini mbegu za sukuma wiki na jembe moja si gharama ya kuangusha shule, na bustani ikitunzwa vizuri hurudisha sehemu ya fedha hizo.

Tufanye Nini?

Tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, wazazi wana chama chao shuleni na wawakilishi katika bodi ya shule. Tusiende mikutanoni kusikiliza tu. Tuulize: klabu imetengewa kiasi gani? Zana ziko wapi? Mauzo ya mboga yaliandikwa katika daftari gani? Nani aliachwa kwa kukosa nauli? Je, wasichana wanashika uongozi, au wanafagia banda tu?

Vikundi vya akina mama kanisani navyo vinaweza kuchangia nauli ya mtoto yatima. Lakini mchango wetu usiwe kisingizio cha serikali kukaa kando. Kodi tunayolipa tununuapo sukari na sabuni ni yetu pia.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Dorkasi aliyewashonea wajane nguo, na Prisila aliyeshona mahema pamoja na mumewe Akila na mtume Paulo. Mikono yao ilijua kazi, na kwa kazi hiyo wengi walibarikiwa. Samaki mkunje angali mbichi. Tuwatafutie watoto wetu majembe wakingali wadogo, wala asiachwe nyuma hata mmoja kwa sababu mama yake hana kitu.