Usikitupe Kikopo cha Udongo

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limekwisha kukupata nyumbani kwako. Mtoto amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Siku ya pili tu unakuta dirishani mwa jikoni vikopo viwili vimejaa udongo, kimoja kimeota nyasi, kingine ni udongo mtupu, na kando yake bilauri mbili za maji zilizobandikwa vipande vya karatasi. Umetoka kazini umechoka, bilauri zenyewe ndizo za wageni, na mkono umekwisha kunyooka kuvitupa vyote.

Tafadhali usivitupe. Uliza kwanza.

Katika bilauri zile mna jambo linalogusa maisha ya maelfu ya wananchi wa Mbulu na Hanang, wilaya mbili za Mkoa wa Manyara. Tumchukue basi mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili katika shule mojawapo ya huko, tumfuate darasani na nje ya darasa. Hatumtaji jina kwa kuwa yeye ni mfano tu. Lakini milima, mashamba na matukio tutakayoyaeleza ni ya kweli, na jaribio lake waweza kulifanya wewe mwenyewe nyumbani.

VIKOPO VIWILI

Mwalimu wa baiolojia amefundisha kwamba mizizi ya mimea hushika udongo. Darasa zima limeandika hivyo daftarini, na wengi watalikariri neno hilo hadi siku ya mtihani. Mwanafunzi wetu yeye anataka kuliona kwa macho.

Anatafuta vikopo viwili vya siagi vya ukubwa mmoja na kukata pengo dogo ukingoni mwa kila kimoja, ili maji yapate njia. Anakwenda kando ya uwanja wa shule. Katika kikopo cha kwanza anaweka bonge la nyasi pamoja na mizizi yake. Katika cha pili anaweka udongo wa mahali palepale, lakini usio na jani hata moja. Anavilaza vyote viwili kwa mwinamo mmoja, kisha anamwagia kila kimoja kikombe kimoja cha maji kwa kopo lililotobolewa matundu, mfano wa mvua. Maji yatokayo anayakinga kwa bilauri.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi alivyo mwangalifu. Udongo ni ule ule, mwinamo ni ule ule, maji ni kiasi kile kile. Kilichotofautiana ni nyasi tu. Laiti angalibadili mambo mawili kwa mara moja, asingalijua ni lipi lililoleta matokeo. Huo ndio msingi wa sayansi yote, nao hauhitaji maabara yenye vioo.

Katika kikopo kitupu maji hutoka haraka, tena mekundu kwa tope. Katika kikopo chenye nyasi hutoka polepole, ni machache, na ni meupe zaidi. Anaziacha bilauri zitulie usiku kucha. Asubuhi anapima kwa rula kina cha udongo uliotuama chini. Anarudia mara tatu, maana mara moja yaweza kuwa bahati. Sasa hana haja ya kukariri. Anajua kwamba jani huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijaupiga udongo, kwamba mizizi huufunga udongo pamoja, na kwamba matundu ya mizizi na minyoo huyafungulia maji mlango wa kuingia ardhini.

WAZEE WALIKWISHA KUJUA

Anapokwenda nyumbani na habari hiyo, babu yake anacheka. Si kwa dharau, bali kwa sababu jambo hilo si geni kwake. Katika nyanda za juu za Mbulu, kwenye eneo la Kainam ambalo wenyeji huliita Irqwar Da'aw na ambalo limejulikana pia kwa jina la Mama Issara, Wairaqw wamelima miteremko mikali tangu kabla ya kuja kwa wakoloni. Wametia mbolea ya ng'ombe mashambani, wamelima kwa kukinga mteremko badala ya kuufuata, na wameyaongoza maji ya mvua yasichukue udongo. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali wamefika kuichunguza kazi hiyo na kuiandikia vitabu.

Hapo elimu ya shule na elimu ya nyumbani hukutana. Mzee anajua la kufanya. Mjukuu sasa anajua kwa nini hufanyika. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alihimiza shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Kikopo cha udongo kinalitimiza hilo vizuri kuliko hotuba ndefu.

KIKOPO HAKIKUSEMA YOTE

Lakini mwanafunzi wetu hana budi kujifunza jambo la pili, tena gumu zaidi: kwamba jaribio moja halijibu maswali yote.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuufikia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilifukiwa au kusombwa. Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 3,400 na asili yake ni volkano. Kwa hiyo swali moja la mwanzo lilikuwa iwapo umelipuka. Wataalamu wa Serikali walipochunguza walisema sivyo. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilikuwa imenyonya maji hadi ikalemewa, ikameguka, na tope lake likafuata njia za maji hadi kwenye makazi.

Je, nyasi zingelizuia hayo? Mwanafunzi anayejibu harakaharaka kwamba ndiyo, amekiamini kikopo chake kupita kiasi. Nyasi na miti hulinda udongo wa juu, ule unaochukuliwa na mvua kila mwaka kidogokidogo bila kutangazwa redioni. Mwamba uliolowa ndani kabisa ni jambo jingine. Waweza kuporomoka pamoja na miti iliyosimama juu yake. Ndiyo sababu kupanda miti pekee hakutoshi. Yafaa pia kujua maji yatapita wapi, kutojenga katika mikondo yake, na kuzitambua dalili: nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, kijito kinachobadilika ghafla kuwa tope au kinachopungua maji ilhali mvua inanyesha. Mtoto aliyezoea kutazama ataziona dalili hizo mapema na kuwaita wakubwa. Katika nchi ya milima, macho ya namna hiyo yaweza kuokoa nyumba nzima.

NYASI NA NDEGE

Masomo hayaishii mlimani. Kwa kamba na mambo manne, mwanafunzi aweza kupima mraba wa mita moja kila upande na kuhesabu aina za mimea iliyomo. Kisha akahesabu tena mahali palipolishwa ng'ombe kwa muda mrefu, na mahali palipopumzishwa. Hesabu hiyo itamfundisha jambo ambalo wafugaji wa Kibarabaig wa Hanang walilijua zamani. Walizungusha mifugo yao kwa majira ili nyasi zipate kupumzika. Mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa katika tambarare za Basotu kwa msaada wa Kanada, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, sehemu kubwa ya malisho bora ilichukuliwa na mzunguko huo ukavurugika. Ngano ilipatikana, lakini mfugaji alisukumwa kwenye ardhi finyu zaidi, na ardhi finyu huchoka upesi.

Nako katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wapo Wahadzabe na ndege mlembe, yule anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Mtu hupiga mluzi, ndege huitika na kutangulia mti hata mti. Mtu hutwaa asali, ndege hutafuta mabaki ya nta. Mwaka 2023 wanasayansi Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha utafiti wao katika jarida la Science. Waligundua kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe huuitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Kumbe ndege naye hujifunza lugha ya majirani zake! Wawindaji walimjua mlembe tangu zamani. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza na kupima.

YULE ALIYECHEKWA

Huenda ukasema: hayo ni michezo ya watoto. Kumbuka basi habari za Ndugu Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliuweka mchanganyiko wake wa maziwa ungali moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka.

Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi walicheka tena. Mhadhiri hakucheka, bali aliahidi kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza, na jina la Mpemba likaingia katika vitabu vya sayansi duniani. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya jambo lenyewe. Naye Ndugu Mpemba baadaye alisoma katika Chuo cha Mweka, akawa mtumishi katika uhifadhi wa wanyamapori. Swali la jikoni lilimfikisha porini.

KAZI YA MZAZI

Sisi tuishio mijini twaweza kudhani kwamba mambo ya udongo na milima ni ya watu wa huko juu. Lakini wengi wetu tuna wazee, ndugu au mashamba katika miteremko kama ile, na hata mijini tumejenga mabondeni. Mtoto anayepima tope leo ndiye kesho atakayeshauri shamba lilimwe vipi na nyumba isimame wapi.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, ukivikuta vikopo dirishani, vuta kiti. Mwulize: umebadili nini, na umeacha nini vilevile? Umerudia mara ngapi? Usipolijua jibu, usione haya, tafuteni pamoja. Mpe bilauri nyingine, isiyo ya wageni. Na zaidi ya yote, usimcheke.