Dini kwenye Ripoti ya Shule

Katika shule ya msingi ya Kikatoliki nchini Marekani, somo la Dini huwa na daftari lake, mitihani yake na alama yake kwenye ripoti, sawa na Hisabati. Shule hizi kwa kawaida huanzia chekechea hadi darasa la nane, na nyingi ziko ubavuni mwa kanisa la parokia.

Msomaji wa Tanzania au Kenya huenda asione ajabu, maana kwake hata shule ya serikali ina kipindi cha dini. Marekani mambo ni tofauti. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya huko ilizuia shule za umma kuongoza wanafunzi katika sala, na mwaka uliofuata ikazuia kusoma Biblia darasani kwa namna ya ibada. Mwalimu wa serikali anaweza kueleza dini ni nini. Kumlea mtoto katika imani si kazi yake. Mzazi anayetaka malezi hayo yafanyike shuleni huenda shule binafsi, na mara nyingi hulipa karo.

Lakini shule za Kikatoliki ni za zamani kuliko hukumu hizo. Elizabeth Ann Seton, mjane aliyeanzisha shirika la masista, alikuwa akifundisha wasichana Emmitsburg, Maryland, tangu mwaka 1810. Mwaka 1884 maaskofu waliokutana Baltimore waliagiza kila parokia iwe na shule yake ndani ya miaka miwili. Mwaka uliofuata ikatoka Katekisimu ya Baltimore, kitabu cha maswali na majibu ambacho vizazi kadhaa vya watoto vilikikariri neno kwa neno. Sista anauliza, darasa zima linajibu. Katekista yeyote wa Afrika Mashariki anaujua mtindo huo.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kukariri kulirudi nyuma. Vikaja vitabu vya picha, hadithi za Biblia, nyimbo, kazi za mikono. Wapo wanaolalamika hadi leo kwamba watoto walitoka wakijua kuchora upinde wa mvua wa Nuhu lakini hawawezi kutaja sakramenti saba. Lalamiko hilo limetiwa chumvi, ila si la uongo mtupu.

Darasa la pili ndilo lenye pilikapilika kuliko yote. Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza watoto wapewe Komunyo wafikapo umri wa kupambanua, yaani takriban miaka saba. Kabla ya hapo wengi walisubiri hadi kumi au zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba, minane, hujifunza kutubu, huenda kuungama kwa mara ya kwanza, kisha hupokea Ekaristi, kwa kawaida majira ya Pasaka. Mwalimu wa darasa hilo hufundisha kuandika asubuhi na dhamiri mchana.

Nje ya kipindi kuna mafundisho mengine. Wanafunzi husoma masomo kwenye Misa ya shule, na wa darasa la nane huwashika mkono wadogo wa chekechea kuingia kanisani. Kwaresima kuna Njia ya Msalaba, na kila mtoto hupeleka nyumbani kijisanduku cha karatasi cha kutilia sarafu. Robo tatu ya fedha hizo huenda kwenye shirika la misaada la maaskofu wa Marekani, ambalo hufanya kazi pia Kenya, Tanzania na Kongo. Robo hubaki katika jimbo la askofu kwa maskini wa hapohapo.

Anayefundisha hayo yote ni nani? Zamani alikuwa sista. Katikati ya miaka ya 1960 shule za Kikatoliki za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni tano. Leo hawafiki milioni mbili, na karibu walimu wote ni walei, wenye watoto wao na mikopo ya nyumba. Majimbo huwadai cheti cha ukatekista. Cheti hupatikana kwa kozi, lakini kijana wa miaka kumi na mitatu humpima mwalimu kwa namna anavyomjibu akiuliza kwa nini Mungu alimwacha bibi yake afe.

Hapo ndipo ugumu ulipo: darasa la sita hadi la nane. Darasani wamo pia Waprotestanti, Waislamu na wasio na dini, ambao huhudhuria somo lakini hawapokei sakramenti. Kwa Wakatoliki, majimbo mengi yameweka sakramenti ya Kipaimara mwishoni mwa kipindi hiki au sekondari, na mapadre hulalamika kwamba vijana huichukulia kama mahafali: wakishapakwa mafuta, hawaonekani tena.

Jimbo Kuu la Denver lilitangaza mwaka 2015 kuirudisha Kipaimara darasa la tatu, kabla ya Komunyo ya Kwanza. Kiteolojia huo ndio mpangilio wa kale. Kwa mwalimu wa darasa la nane maana yake ni kwamba hana tena sakramenti ya kuwashikia wanafunzi, na lazima somo lenyewe liwavutie.