Kueleza Makadirio ya Wakati Ujao katika Grafu za Kiingereza

Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kwa wale wanaoomba nafasi za masomo ya chuo, kazi ya kwanza ya kuandika humpa mtahiniwa grafu, jedwali au chati. Anatakiwa kueleza anachokiona kwa maneno yasiyopungua 150, na anashauriwa kutumia dakika 20 hivi. Baadhi ya grafu hizo haziishii leo. Mstari hupita mwaka tulio nao na kuendelea hadi 2050. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa huchanganya jambo lililokwisha kutokea na jambo linalokadiriwa.

Tuchukue mfano. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Hilo limepita, nasi tunaliandika kwa wakati uliopita: "In 2022, Tanzania had about 61.7 million people." Umoja wa Mataifa nao unakadiria kuwa mwaka 2050 dunia itakuwa na watu bilioni 9.7. Mwanafunzi aliyezoea "-ta-" ya Kiswahili huandika haraka: "The population will reach 9.7 billion." Sarufi ni sahihi, ila sentensi inadai zaidi ya grafu. Grafu haisemi kwamba jambo hilo litatokea. Inasema kuna waliopiga hesabu wakafikia jibu hilo. Kwa hiyo tuandike: "The population is projected to reach 9.7 billion in 2050", yaani inakadiriwa kufika.

Njia tatu zinatosha kwa kazi hii.

Kwanza, kauli ya kutendwa: "is projected to", "is predicted to", "is forecast to", "is expected to". Kitenzi kinachofuata hubaki katika umbo lake la msingi, na kwa wingi "is" huwa "are".

Pili, kuanza na "It is predicted that". Hapa tunaweza kutumia "will" bila wasiwasi, kwa sababu msomaji ameshaambiwa kuwa ni utabiri: "It is predicted that the figure will rise."

Tatu, "by" pamoja na mwaka, tunapotaka kusema jambo litakuwa limekamilika kabla au ifikapo mwaka huo: "By 2050, the figure is expected to have reached 9.7 billion." Kiswahili kinalo umbo la namna hiyo: "itakuwa imefika".

Tuangalie pia "to" na "by" mbele ya idadi. Kitu kikitoka 60 hadi 80, kimepanda "by 20", kwa 20, na kufika "to 80". Ukibadilisha vihusishi hivyo, umebadilisha takwimu.

Sisi tunaosoma falsafa tunalikuta suala hili kwa Aristotle, katika sura ya 9 ya kitabu chake kuhusu ufafanuzi. Anatoa mfano wa vita vya majini vya kesho: ni lazima ama vitokee ama visitokee, lakini si lazima vitokee, wala si lazima visitokee. Anayesema leo kwa uhakika kwamba vitatokea amelitangulia jambo lenyewe.

Makadirio yenyewe yanatuonya hivyo. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu duniani wangefika bilioni 10.9 mwaka 2100. Mwaka 2022 ukakadiria kilele cha bilioni 10.4 katika miaka ya 2080, na mwaka 2024 ukashusha kilele hicho hadi bilioni 10.3. Aliyeandika "is projected to" mwaka 2019 hakusema uongo, hata baada ya takwimu kubadilika. Aliyeandika "will" alijifunga kwa jambo ambalo grafu haikumhakikishia.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuandika, tafuta kwenye grafu mwaka ambapo takwimu halisi zinakoma na makadirio yanaanza; mara nyingi mstari hubadilika kuwa wa nukta au vipande. Piga alama hapo kwa penseli. Kushoto kwa alama tumia wakati uliopita. Kulia, mojawapo ya njia tatu tulizozitaja. Usiongeze sababu ambazo grafu haikuzitoa, wala maoni yako kuhusu kesho.